Mkono na Mchezo: Habari za Bao na Vyombo vya Kuchezea katika Nyanda za Juu za Kusini

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya kwa barabara kuu, akiisha kwenda mwendo wa kilometa 20 hivi, hufika Isimila, penye korongo lililochimbwa na maji ya mvua hata zikabaki nguzo ndefu za udongo zimesimama peke yake. Mwaka 1951 zilionekana huko zana nyingi za mawe, na miaka ya 1957 na 1958 wataalamu wakiongozwa na Clark Howell walifukua na kuzichunguza. Umri unaotajwa aghalabu ni kiasi cha miaka 260,000. Baadhi ya mashoka hayo ni makubwa mno, hata mtu hustaajabu yalishikwaje. Lakini mengine, mgeni akiruhusiwa kushika moja, hutulia katika kiganja kana kwamba yalipimwa kwa mkono wake mwenyewe. Mchongaji wa kale alikuwa na mambo mawili ya kufikiri: upande wa jiwe uelekeao nyama na upande uelekeao mkono. Wanahistoria wamesema mengi juu ya upande wa kwanza. Insha hii yahusu ule wa pili, ila si katika zana za kazi bali katika vyombo vya mchezo.

Sababu ya kushika kalamu ni ugomvi mdogo nilioushuhudia Mbeya, upande wa Mwanjelwa. Palikuwa na kibanda cha mabati ambamo vijana hulipa shilingi mia chache wakacheza mpira wa miguu katika televisheni, kila mmoja ameshika mkononi kile chombo chenye vitufe na vijiti ambacho wao hukiita pedi. Desturi ya pale ni moja: ashindwaye huondoka, ashindaye hubaki. Kijana mmoja, umri wake labda miaka 13, alifungwa mabao mawili, akaiweka pedi chini kwa nguvu, akasema, “Mimi sikufungwa na huyu. Nimefungwa na pedi. Mtu wangu anakwenda kushoto peke yake!” Wenzake wakamcheka. Nje ya kibanda, chini ya mti, wazee wawili walikuwa wakicheza bao. Mmoja wao aliinua kichwa, na yule kijana, ingawa alikuwa na machozi karibu, hakusahau adabu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nani kakuonea?”

“Pedi, babu.”

Mzee akazitazama kete zilizokuwa katika kiganja chake, akasema, “Pole. Hizi zetu hazikatai,” kisha akaendelea kuzipanda.

Maneno hayo yalinikaa moyoni, maana yamebeba historia ndefu kuliko msemaji alivyokusudia. Ni kweli kwamba kete hazikatai. Bao ni mchezo mgumu sana. Lakini ugumu wake haumo hata kidogo katika kushika, kuinua, kupeleka wala kuweka. Ukiwa mgumu, ni mgumu katika akili. Watu walioutengeneza, na majina yao hayakuandikwa popote, waliuondoa mkono katika orodha ya maadui wa mchezaji. Je, walifanyaje?

Ubao wa bao una safu nne za mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na kete 64, nusu kwa kila mchezaji. Ubao wa safu nne si mali ya pwani peke yake. Waonekana toka Uganda, katika mchezo uitwao omweso, mpaka Malawi na Zimbabwe, na Nyanda za Juu zimo katikati ya eneo hilo. Aidha katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita Uhehe na Usangu, nao walikuja na lugha yao na mazungumzo yao ya jioni. Baadaye, baada ya mji wa Mbeya kuanzishwa mwaka 1927 na dhahabu ya Lupa kuwavuta watu wa makabila mengi, wageni wengi walikutana ambao hawakuwa na lugha moja ya mama. Mchezo wenye kuweza kufundishwa kwa kuonyesha mkono, bila maneno mengi, hufaa sana mahali pa namna hiyo.

Tazama basi tendo lenyewe. Mchezaji huchota kete zote za shimo moja, akaziacha moja moja katika mashimo yafuatayo. Basi. Kula ni tendo hilo, kutakata ni tendo hilo, kuanza ni tendo hilo, kumaliza ni tendo hilo. Mchezo wote mkuu, ambao bingwa huutumikia maisha yake yote, umejengwa juu ya tendo moja la vidole, tena tendo ambalo mkulima wa Njombe au wa Rungwe alilijua kabla hajauona ubao, kwa kuwa ni lile lile la kupanda mbegu. Hata neno tulitumialo ni hilo. Mtoto wa miaka mitano aweza kulifanya sawasawa na mzee wa miaka 70. Atakosea wapi aanzie, atakosea mwelekeo, lakini hatakosea kuiacha kete.

Pili ni umbo. Shimo ni la mviringo na chini limejipinda, hata vidole vikishuka upande mmoja hupanda na kete upande wa pili bila kukwaruza pembe. Shimo moja tu katika safu ya ndani ya kila mchezaji lina umbo la mraba, nalo huitwa nyumba, kwa kuwa sheria zake ni za peke yake: mchezaji huanza na kete 6 humo, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kuume kwake, na zile 22 zilizosalia huwa akiba ya kuingizwa moja moja. Fundi angeweza kuchonga mashimo yote sawa na kumwachia mchezaji kazi ya kukumbuka. Badala yake aliitia sheria katika mti, jicho na kidole vipate kuijua kabla ya kumbukumbu kuitwa kazini. Mbao nyingi zina na mashimo makubwa mwishoni, ya kuwekea akiba hiyo, mkono wa pili usibaki umefumba kete mchezo mzima.

Huku bara mara nyingi ubao hauhitajiwi kabisa. Mashimo huchimbwa ardhini, na mahali pa komwe, ambazo ni mbegu za kichaka cha pwani, huwekwa kokoto au mbegu za miti ya huko huko. Nimeona bao la namna hiyo katika kijiji kimoja cha Uhehe, katika udongo mwekundu, nyumba imechorwa kwa ncha ya kijiti. Niliamkia, “Kamwene,” nikaitikiwa, nikakaribishwa kucheza, nikashindwa upesi. Wala sikupata udhuru wowote wa kujitetea! Mashimo yangu yalikuwa sawa na ya mwenzangu, kokoto zangu sawa na zake, na kama mbili zilikuwa na ncha, mchezo ulipoendelea zilikwisha kuhamia kwake.

Jambo hili la mwisho si dogo. Katika bao chombo ni kimoja kwa wote wawili, na kete hazina mwenyewe wa kudumu. Ubaya wa chombo, ukiwapo, hugawanywa. Ndiyo maana ushindi wake huaminiwa. Mtafiti wa Kiholanzi Alexander de Voogt, aliyetoa mwaka 1995 kitabu chake juu ya mabingwa wa Zanzibar, alichagua bao ili kuchunguza mipaka ya akili ya mtu, na uchaguzi huo ulikuwa na busara: ukitaka kuipima akili, hufai kutumia mchezo ambao mkono unaweza kuisingizia. Watu wakubwa wa nchi yetu nao walikaa mbele ya ubao huo. Mwalimu Nyerere aliupenda mchezo huu, na Mzee Abeid Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 akiwa katika bao, kwenye makao makuu ya chama chake Kisiwandui.

Yuko atakayeuliza: kama mchezo ni mgumu hivyo, mwanafunzi hakatishwi tamaa? Hukatishwa, naam, lakini wazee walilitazama hilo pia. Liko bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili, na ile sehemu ngumu ya kunamua, yaani ya kuingiza akiba, haipo. Mwanafunzi hutumia ubao ule ule, kete zile zile, tendo lile lile. Akihitimu, mkono wake hauna jipya la kujifunza. Sheria ndizo zinazoongezeka. Ningependa msomaji aliangalie sana neno hilo, kwa sababu watengenezaji wa michezo ya mitambo iliwagharimu miaka mingi kulifikia.

Sasa tuvuke bahari. Oktoba 1958, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, mwanafizikia William Higinbotham alitengeneza mchezo wa tenisi katika kioo kidogo cha mtambo wa kupimia umeme, apate kuwafurahisha wageni. Kila mchezaji alipewa kisanduku chenye kirungu cha kuzungusha na kitufe kimoja. Wageni walipanga foleni. Miaka michache baadaye, kati ya mwisho wa 1961 na mwanzo wa 1962, siku zile zile Tanganyika ilipokuwa ikijifunza kutembea katika uhuru wake, vijana wa chuo cha MIT wakiongozwa na Steve Russell walitunga mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana, uitwao Spacewar, katika kompyuta iitwayo PDP-1.

Hapo ndipo malalamiko ya kijana wa Mwanjelwa yaliposikika, nadhani, kwa mara ya kwanza katika historia ya kompyuta. Mchezo uliendeshwa kwa swichi zilizokuwa usoni mwa mtambo, ambazo ziliwekwa pale kwa kazi ya wahandisi wala si kwa vita vya angani. Viwiko viliuma. Tena kioo kilikuwa upande mmoja wa swichi hizo, hata mchezaji mmoja aliona vizuri kuliko mwenziwe. Alan Kotok na Bob Saunders wakaenda kutafuta mbao, waya na swichi za zamani, wakatengeneza visanduku viwili vya kushikwa mkononi: kijiti cha kugeuza chombo, kijiti cha kukisukuma, na kitufe cha kufyatua. Kitufe hicho walikifanya kisitoe sauti, adui asijue kwamba umejaribu kufyatua ukashindwa. Akili iliyofikiri hivyo ingeelewana mara moja na mchonga mbao za bao. Haikuuliza tu mkono wafikaje, bali pia chombo chamwambia nini mpinzani.

Lakini elimu ya namna hii husahauliwa upesi. Mwaka 1971 Nolan Bushnell na Ted Dabney waliutoa Computer Space, mchezo wa kwanza wa video wa kulipia sarafu uliouzwa kibiashara, uliofuata mfano wa Spacewar. Ulikuwa na vitufe vinne na maelezo marefu. Wanafunzi waliupenda, watu wa vilabuni waliutazama, wakarudi kwenye vinywaji vyao. Mwaka uliofuata Allan Alcorn, kwa agizo la Bushnell, alitengeneza Pong, ambao ulikuwa na kirungu kimoja kwa kila mchezaji na agizo la sentensi moja, kwamba usiukose mpira. Mashine ya kwanza iliwekwa katika kilabu kimoja cha mji wa Sunnyvale, nayo iliacha kufanya kazi kwa kuwa kisanduku chake kilijaa sarafu. Kirungu kimoja, tendo moja: bao lilikuwa limekwisha kulisema hilo zamani, ingawa hapana mtu wa Sunnyvale aliyekuwa akilisikiliza.

Mwaka 1982 una mifano miwili inayopasa kuwekwa pamoja. Kampuni ya Atari ilitoa mtambo uitwao 5200, wenye kijiti ambacho, ukikiachilia, hakirudi katikati. Mchezaji alidhani amesimama, kumbe angali anakwenda; mtambo ule ukapata sifa mbaya ambayo haijafutika. Mwaka huo huo Gunpei Yokoi wa Nintendo alitia katika mchezo mdogo wa mfukoni kitufe chenye umbo la msalaba. Kidole gumba hukaa juu yake, na bila macho kushuka hujua kaskazini ni wapi na kusini ni wapi, kwa sababu umbo lenyewe lamwambia. Msalaba huo ni ndugu wa nyumba ya mraba katika bao: sheria imetiwa katika kitu, si katika kumbukumbu. Mwaka 1983 ukaingia katika mtambo wa nyumbani wa kampuni hiyo, na watengenezaji wengi wakauiga, kila mmoja kwa namna yake.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Kijiti cha kidole gumba kilienea baada ya 1996, kwa Nintendo 64, nacho kilileta uhuru mwingi wa mwendo na maradhi yake pamoja. Ndani ya kijiti, katika pedi zilizo nyingi, mna kipande cha chuma kinachosugua utepe wa kaboni. Utepe ukichakaa, au vumbi likiingia, mtambo hudhani kijiti kimesukumwa hali kimetulia. Mwenye kuandika programu aweza kulificha kosa hilo kidogo kwa kuacha duara bubu katikati, ambamo mwendo mdogo hauhesabiwi. Akilifanya dogo mno, mchezaji hujiendea. Akilifanya kubwa mno, mkono huonekana mzito. Sasa twamwelewa yule kijana. Mtu wake alikwenda kushoto peke yake, naye alisema kweli tupu, na waliomcheka ndio waliokosea.

Pana udhia mwingine ambao mchezaji hauoni hata kuutaja, nao ni kuchelewa. Picha hubadilika mara 60 kwa sekunde katika michezo mingi. Televisheni nzito za kizamani, zile zenye mgongo, ziliionyesha picha karibu pale pale ilipofika. Televisheni nyembamba huitengeneza picha kwanza ipendeze, na baadhi yake zimechelewa hata kufika sehemu ya kumi ya sekunde. Mwenye kibanda aliyenunua televisheni mpya kwa nia njema huenda akasikia wateja wakinung'unika kwamba pedi zimekuwa nzito, akanunua pedi mpya, na manung'uniko yasiishe. Watunzi hodari, kwa kujua udhaifu wa mkono na wa mitambo pia, hutia huruma ndani ya programu: mchezaji akibonyeza kitufe cha kuruka baada ya kuupita ukingo kwa picha mbili tatu, humhesabia kuwa aliruka kwa wakati, akikibonyeza kabla tu ya kutua, hulihifadhi agizo lake mpaka miguu iguse chini. Mchezaji hajui kuwa amesamehewa. Huona tu kwamba mchezo ule unamsikia.

Hata hivyo, lazima nikiri kwamba hoja yangu ina mpaka. Vijana wetu wamejifunza mpira kwa mipira ya matambara na makaratasi iliyofungwa kwa kamba, ambayo huruka upande isipotarajiwa, na wengi husema mguu uliozoea mpira huo hauogopi mwingine. Bennett Foddy naye, mwaka 2008, alitunga mchezo uitwao QWOP ambamo kila kitufe huendesha sehemu moja ya mguu wa mkimbiaji, na mchezaji huanguka karibu kila mara. Watu wengi mno waliucheza wakicheka. Katika mifano hiyo miwili ugumu wa chombo ndio mchezo, na kila mmoja anaujua tangu mwanzo, na wote wanaupata sawa. Mpira wa matambara ni mbaya kwa timu zote mbili. Pedi ya Mwanjelwa ilikuwa mbaya kwa mmoja, na aliyekuwa na nzuri hakuwa na haja ya kusema.

Wala udhalimu huo si wa vibandani tu. Kwa miaka mingi pedi zimetengenezwa kwa mtu mwenye vidole kumi vitiifu, na asiye navyo ameambiwa kwa vitendo kwamba mchezo si wake. Mwaka 2018 Microsoft walitoa chombo chenye vitufe viwili vikubwa na matundu mengi nyuma, ambamo mtu aweza kuchomeka kitufe cha mguu, cha kiwiko, au cha kichwa, kwa kadiri mwili wake ulivyo. Ni hatua njema, na yaonyesha jinsi dunia ilivyochelewa, kwa maana katika kibaraza cha bao mtu asiyeweza kupanda kete huwaambia wengine shimo na upande, nao humpandia, na hapana atakayesema hakucheza yeye.

Nilirudi Mwanjelwa kesho yake. Mwenye kibanda alikuwa amemwita fundi, naye aliifungua pedi kwa bisibisi ndogo, akasafisha utepe kwa pamba yenye spiriti, akaifunga. Kijiti kilitulia, ingawa fundi alisema wazi kwamba baada ya majuma machache kitarudia. Vijana walishauriana, wakaweka sheria: wakati wa mapumziko, wachezaji wabadilishane pedi. Yule kijana alilipa, akaketi, akaanza na ile mbovu.

Mzee wa bao alipoelezwa sheria hiyo aliuliza kwa nini wasiibadili pedi yenyewe. Wakamtajia bei. Akaguna, akamsogezea mwenzake ubao karibu, akasema zamu ni yake.